Acheni Kupiga Polishi Saa za Guka

Wacha nianze na pesa ndio tuelewane haraka. Mwaka wa 2022 jamaa mmoja anayekusanya saa za zamani hapa Nairobi aliona picha za saa ya guka kwa simu yangu, akasema atatoa shilingi 70,000. Wiki mbili baadaye akaishika kwa mkono, akaiangalia na lenzi kama dakika mbili hivi, akairudisha kwa meza polepole. Akamwambia baba, "Mzee, pole sana, hii siwezi." Tukirudi tukapitia duka la dhahabu. Wakasema 11,000. Kwa gramu.

Saa ni ileile. Kitu kimoja tu kilikuwa kimetokea hapo katikati: tulikuwa tumeisafisha.

Nimeulizwa mara nyingi kwa komenti mbona huwa ninakasirika nikiona mtu ameposti saa ya dhahabu ya zamani inayong'aa kama sufuria mpya, na maneno "iko kama imetoka dukani jana." Leo nitajibu. Msimamo wangu ni kwamba saa nyingi za dhahabu za wazee wetu haziharibiwi na matapeli. Zinaharibiwa na sisi wenyewe, tukidhani tunaziheshimu.

Saa ya guka ni Omega, dhahabu ya karati 9, nyembamba, bila mbwembwe. Alipewa 1966 na kampuni aliyoifanyia kazi ya ukarani miaka ishirini. Uso wake ulikuwa umeanza mweupe, ukageuka rangi ya chai yenye maziwa mengi, na karibu na saa kumi kulikuwa na madoa madogo kama vumbi la kahawa. Nyuma walikuwa wamechora jina lake na miaka: 1946–1966. Guka aliivaa kanisani na kwa mazishi, siku zingine ilikaa kwa kabati la cucu ikiwa imefungwa na kitambaa.

Karo yangu ya chuo ilipokwama, cucu ndiye alisema iuzwe. Mimi nikapiga picha, nikatafuta mnunuzi, nikapata yule jamaa wa 70,000. Sasa baba, ambaye amekuwa mtu wa magari maisha yake yote, akasema maneno ambayo hata wewe ungesema: "Hata gari unaliosha kabla ya kuuza." Akaipeleka mahali fulani mjini, akalipa 6,500. Ilirudi uso ukiwa mweupe pe, kasha linang'aa mpaka unajiona. Tulifurahi, nisidanganye. Mimi ndiye nilikuwa wa kwanza kuipiga picha tena.

Cucu aliipokea, akaigeuza. Akasema, "Na jina la guka wenu liko wapi?"

Nyuma kulikuwa laini kama yai.

Sisemi hiyo saa ndiyo ilinitoa chuo. Nilikuwa nimeshaanza kutoka mwenyewe, mwili tu ndio ulikuwa unaingia darasani. Lakini nilitaka kujua yule jamaa aliona nini kwa dakika mbili ambacho sisi hatukuona kwa wiki nzima. Nikampigia simu. Heshima kwake, maana alikubali tukae naye, akafungua saa na kunionyesha kila kitu. Karibu yote ninayojua yalianzia kwa hiyo meza.

Alianza na uso, na mpaka leo mimi huanza hapo. Uso wa saa ya zamani ya Uswisi ulichapishwa kiwandani kwa maandishi membamba sana, yenye kingo kali. Ukiweka lenzi, herufi zinasimama kama zimekatwa na wembe. Uso uliopakwa rangi upya una herufi nene kidogo, kingo zimetawanyika kama wino kwa karatasi ya gazeti, na nafasi kati ya herufi si sawa. Kwa yetu, neno Omega lilikuwa limeteleza upande wa kushoto wa ile alama yao ya chuma iliyobandikwa juu yake. Alama haikusonga, kwa sababu hiyo imeshikiliwa na vijiguu vinavyopita kwenye tundu. Maandishi ndiyo yalichapwa upya na mtu ambaye hakupima.

Halafu akaniambia nifuate vistari vya dakika. Kila kijiti cha dhahabu kinachoonyesha saa kinapaswa kukutana na mstari wake wa dakika katikati. Vyetu vilikuwa vinakutana hapa, vinapishana pale, kama foleni ya matatu. Pale chini kwenye kiduara cha sekunde kulikuwa na mifereji myembamba ya mviringo, kama santuri. Najua ilikuwepo kwa sababu iko kwa picha zangu za kwanza. Rangi mpya ilikuwa imeijaza yote. Mifereji hiyo haitoki kwa mashine ya kuchapa, iko kwenye chuma chenyewe, kwa hivyo ukikuta kiduara bapa kwenye saa ambayo ilipaswa kuwa nayo, jua kuna kitu juu yake.

Kitu kilichoniuma zaidi kilikuwa herufi mbili ndogo. Chini kabisa, aliyepaka rangi alikuwa ameandika "T SWISS MADE T." Hizo T zilianza kuonekana kwenye saa za Uswisi miaka ya 1960, na zinamaanisha kuna tritiamu, ile rangi inayowaka gizani. Saa ya guka haikuwa na kitu chochote kinachowaka, si kwenye mishale, si kwenye vijiti. Picha ya kwanza ilionyesha "SWISS MADE" peke yake. Huyo mtu alikuwa na kibao chake kimoja cha kuchapia akakitumia tu. Ni kama kuandikia mtu cheti cha kuzaliwa na kumwekea kabila la jirani.

Uso ulipotolewa, pembeni kulikuwa na mkato mdogo wa tupa. Akasema baadhi ya wapakaji huutumia kujua uso ukae wapi wakati wa kuchapa. Ukiona mkato kama huo, umeona sahihi yao.

Sasa sikiliza sehemu mbaya. Ndani, saa yetu ilikuwa safi kabisa. Kasha lilikuwa na chapa zake: 375, maana dhahabu ya karati 9 ni sehemu 375 kwa 1,000, nanga ambayo ni alama ya ofisi ya kupima dhahabu ya Birmingham, na herufi ya mwaka. Mashine, ile yenye rangi ya shaba nyekundu ambayo Omega wa miaka hiyo wanajulikana nayo, ilikuwa na namba ya milioni 20, yaani mwaka wa 1963 hivi. Herufi ya kasha nayo ilisema 1963. Zawadi ikatolewa 1966. Miaka mitatu si kitu, saa hukaa dukani. Kasha na mashine vilikuwa pamoja tangu siku ya kwanza, hakuna kilichobadilishwa, hakuna mtu aliyewahi kuchezea.

Mpaka sisi.

Naeleza hiyo ya namba kwa sababu ndiyo silaha ambayo wengi hawatumii. Saa ya dhahabu iliyopimwa Uingereza ina tarehe mbili zisizojuana: herufi ya mwaka ndani ya kasha, na namba ya mashine. Zikipishana miaka miwili au mitatu, tulia. Zikipishana miaka kumi na tano, uliza maswali. Na usishtuke ukikuta kasha la Omega limetengenezwa Birmingham. Kwa sababu ya ushuru wa dhahabu, kampuni za Uswisi zilikuwa zinapeleka mashine Uingereza na kasha linatengenezwa hukohuko, mara nyingi na Dennison. Marekani ilikuwa hivyohivyo, kasha zao zilitengenezwa kwao. Nimeona watu kwa vikundi vya WhatsApp wakiita saa kama hizo feki. Si feki. Hiyo ni historia ya ushuru imekaa kwa mkono wako.

Za Uswisi zenyewe zina wanyama wao. Kwa sehemu kubwa ya karne iliyopita karati 18 ilipigwa kichwa cha mwanamke, Helvetia, na karati 14 ikapigwa kindi. Tangu 1995 wanatumia kichwa cha mbwa wa Saint Bernard. Kwa hivyo mtu akikuuzia saa ya "miaka ya hamsini" yenye kichwa cha mbwa, mwachie na mbwa wake. Na ukikuta "20 microns" imeandikwa nyuma, hiyo ni saa iliyofunikwa dhahabu juu ya chuma kingine. Saa nzuri sana zinaweza kuwa hivyo, lakini usilipe bei ya dhahabu ngumu. Angalia pembe zinazoshika mkanda, hapo ndipo dhahabu ya juu huisha kwanza na chuma cha chini kinachungulia.

Kuna saa ambazo kila kipande ni halali na bado zima lake ni uongo. Mwezi wa Januari 1980 bei ya dhahabu ilipaa mpaka dola 850 kwa aunsi, na kasha nyingi za saa ziliyeyushwa. Mashine zikabaki mayatima kwa droo. Baadaye watu wakatafuta kasha zingine za kuzitia, na uso wowote unaotosha. Ndiyo maana unapata mashine nzuri ya Longines ndani ya kasha ambalo halijawahi kuiona Longines. Angalia kiduara cha sekunde: kikiwa kimesogea sana karibu na katikati na pembeni kumebaki uwanja mtupu, kuna uwezekano mashine ni ndogo kuliko nyumba yake. Angalia mishale pia. Wa dakika unapaswa kufika kwenye vistari vya dakika. Ukiishia njiani, huenda umetoka kwa saa nyingine. Na dhahabu ilipopita dola 4,000 kwa aunsi mwaka wa 2025, hebu fikiria ni kasha ngapi ziliingia kwa moto.

Kwa kasha lenyewe, tafuta kona. Saa ambayo haijapigwa polishi ina mistari mikali pale pembe zinapoanza na pale kingo zinapoisha. Polishi hula dhahabu, haina namna nyingine ya kufanya kazi. Kila mara gurudumu linapopita, kitu kinabaki kwa kitambaa. Pembe zinakuwa mviringo kama sabuni iliyotumika wiki mbili. Mtu akikuambia amepiga polishi "kidogo tu," linganisha pembe zote nne. Mkono wa mtu hauwezi kula sawasawa pande zote.

Wakubwa nao wana shida hizi. Kuna saa za Patek Philippe za zamani ambazo wakusanyaji hukaa na lenzi wakitafuta ile alama ndogo juu ya E katika neno GENÈVE. Uso ukioshwa kupita kiasi, hiyo alama ndiyo huondoka mapema, halafu nukta, halafu mistari myembamba. Bei inaweza kutikiswa na kitu kidogo kuliko chembe ya chumvi.

Najua komenti inayokuja. "Bro, hii ni tabia ya wazungu kupenda uchafu. Sisi Wakenya tunarekebisha vitu." Naikubali nusu. Kurekebisha ni heshima yetu, na mimi sitawahi kumcheka fundi wa saa anayekaa kwa kibanda cha mita moja akifufua mashine ya miaka sitini kwa vyombo ambavyo nusu ametengeneza mwenyewe. Springi ikikatika, weka nyingine. Kioo cha plastiki kikipasuka, badilisha. Omega nyingi zilikuwa na alama yao ndogo sana katikati ya kioo, ikikosekana ujue kimebadilishwa, lakini hakuna mtu mwenye akili atakulaumu. Kile kidude cha pembeni cha kutia ufunguo huisha meno, kinabadilishwa. Mafuta yanakauka, yanaoshwa. Hizo ni sehemu za kuchakaa, zilitengenezwa zichakae.

Uso na maandishi ya nyuma si sehemu za kuchakaa. Pale ndipo saa inasema ni nani. Ukibadilisha springi, umeitibu. Ukifuta jina, hujatibu kitu, hakukuwa na ugonjwa.

Na hata hiyo hoja ya wazungu haina miguu, kwa sababu wao pia wanapigwa. Mwaka wa 2021 Omega Speedmaster moja iliuzwa kwa mnada Geneva kwa zaidi ya faranga milioni 3 za Uswisi. Mnunuzi alikuwa makumbusho ya Omega yenyewe. Mwaka wa 2023 kampuni ikasema hiyo saa ilikuwa imeunganishwa kutoka vipande vya saa tofauti, na kwamba watu waliokuwa wafanyakazi wake walihusika. Hiyo ilikuwa ya chuma, si ya dhahabu, na ni ya michezo, lakini umeelewa. Kama wenye kiwanda wanaweza kulipa hivyo, wewe na mimi tuna sababu gani ya kununua kwa kuangalia picha tatu usiku?

Sasa lawama. Kwa muda mrefu nilimlaumu yule aliyeifanyia kazi saa yetu. Bado namlaumu kwa jambo moja: hakuuliza. Mtu akikuletea saa yenye jina la mtu nyuma, unauliza, "Hili jina niliache?" Ni sekunde tatu. Lakini ukweli ni kwamba alifanya kile ambacho wateja kumi kabla yetu walimlipa afanye. Sisi ndio tunaolipia mng'aro. Nenda kwa kurasa za kuuza saa uone: ile yenye uso wa rangi ya chai inapata watu wawili wanauliza bei ya mwisho, ile nyeupe iliyopakwa juzi inapata moto na mioyo chini yake. Muuzaji si mjinga. Atapaka.

Kwa hivyo ninachotaka kutoka kwa wauzaji si kikubwa. Andikeni. "Uso umepakwa upya." "Kasha limepigwa polishi." "Mashine ni sahihi, kasha si lake." Sentensi moja. Kuna muuzaji aliniambia, na alikuwa serious kabisa, "Hakuniuliza, sikumdanganya." Bana. Mtu analipa mshahara wa miezi miwili na unamwachia akisie? Saa ni yako, ipake hata rangi ya waridi ukitaka, ivae Jumapili, sina neno. Siku unapoiweka sokoni, kile ulichobadilisha kinakuwa cha mnunuzi kujua.

Na wanunuzi nao waache ujanja. Kuna wengine wamejifunza neno moja, "imechezewa," na wanalirusha kwa kila mzee anayekuja na saa yake halisi ili bei ishuke. Mtu akikwambia hivyo, mwambie akuonyeshe. Wapi? Herufi gani? Vistari gani? Akishindwa, beba saa yako uende.

Baba bado anaona tulionewa. Anasema saa ni saa, inasoma majira, na kwa kweli haijawahi kukosea zaidi ya dakika moja kwa siku. Hatubishani tena. Hatukuiuza, cucu alikataa zile 11,000, akasema afadhali ikae. Yuko nayo kwa kabati lilelile na kitambaa kilekile.

Krismasi iliyopita niliiomba tena, nikazima taa, nikaweka tochi ya simu pembeni kabisa, mwanga ukitambaa juu ya chuma badala ya kuipiga usoni. Aliyechora 1966 alikuwa amechora kwa nguvu. Pale mwishoni, ukijua unachotafuta, 6 moja bado iko, na nusu ya nyingine. Nikamwitia cucu. Alivaa miwani, akaangalia kwa muda mrefu, akasema hiyo ni alama ya kucha tu.

Nimejaribu kupiga picha mara nyingi, haitoki. Kama uko na saa ya mzee wako nyumbani na unataka tuiangalie pamoja, nitumie picha nne kwa inboksi: uso kwa mwanga wa mchana bila kioo kuakisi, pembe za kasha kutoka upande, nyuma, na ndani ikiwa fundi wako anaweza kufungua bila kukwaruza. Itume vile iko. Usiifute hata na shati.